Sheria, Elimu na Uungwana Bagamoyo

Sheria iliyokomesha utumwa Tanganyika ilipitishwa mwaka 1922, lakini kabla ya hapo Bagamoyo ilikwisha kumtambua Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa, kuwa mwanachuoni na khalifa, yaani kiongozi mwenye idhini ya kurithisha mafunzo, wa tarika ya Kisufi ya Qadiriyya. Sheria humwondolea mtu mmiliki, ila haimpi heshima mbele ya majirani, na katika mji uliowatenga waungwana na watumwa heshima hiyo ilikuwa nzito kuliko hati yoyote ya uhuru. Elimu ndiyo iliyoweza kuileta: mbele ya msahafu, anayesahihisha kisomo ni anayejua, awe mjukuu wa mtumwa au wa liwali. Hata hivyo, elimu iliwainua wachache. Waliobaki kwenye mashamba ya minazi walihitaji sheria, nayo ilichelewa mno.