Njaa Mbele ya Chombo Kilichojaa

Mfugaji mmoja wa Mlandizi, mkoani Pwani, alitotolesha vifaranga chotara kwa mashine yake ndogo. Alikuwa kijana makini. Bruda ilikuwa na joto la kutosha, maranda yalikuwa makavu, tarehe za chanjo zilikuwa zimeandikwa daftarini, na vyombo vya chakula havikuwahi kukauka. Katika wiki ya pili aliona kifaranga mmoja ambaye mdomo wake umeanza kwenda upande: wa juu umeelekea kushoto, wa chini kulia, umepishana kama mkasi. Alimtazama akidonoa pamoja na wenzake, akaridhika.

Bibi yake alikuwa na desturi ya kuja bandani jioni kuokota mayai ya kuku wakubwa. Alimwinua kifaranga yule, akampapasa kifua.

"Mjukuu wangu, huyu hali."

"Bibi, mbona chombo kimejaa? Na mimi namwona anadonoa kutwa."

"Kudonoa anadonoa. Mimi nasema hamezi."

Kijana alimwitikia bibi yake kwa adabu, kisha akaendelea na kazi zake. Moyoni alijiambia kwamba akimchinja sasa hana nyama, basi na akue kidogo, atakuwa kitoweo. Vifaranga waliota manyoya, banda likapendeza. Yule wa mdomo uliopinda alionekana mdogo tu kuliko wenzake. Asubuhi moja akamkuta amelala chini ya chombo cha chakula, amekufa. Bibi alimpasua ili mjukuu aone mwenyewe. Kifuko cha chakula chini ya shingo kilikuwa kitupu, na ndani ya firigisi mlikuwa na changarawe na vipande vya maranda.

Kifaranga yule alikufa kwa njaa akiwa amesimama kwenye chakula. Hakuna aliyemnyima. Mfugaji alikuwa akitazama chombo, na chombo kilikuwa na chakula kweli.

Kuku mzima hushika punje kwa ncha mbili za mdomo zinazokutana. Ncha hizo zikipishana, punje huponyoka kabla haijafika kooni. Kichwa kitapanda na kushuka siku nzima, na mtu aliyesimama mlangoni ataapa kwamba ndege anakula. Manyoya nayo huficha. Kuku anaweza kubaki mifupa mitupu huku kwa nje anaonekana wa kawaida, na kwa kuwa ndege dhaifu hufukuzwa na wenzake, yeye huficha unyonge wake kadiri awezavyo. Ndiyo maana bibi hakuuliza macho, aliuliza vidole. Mfupa wa kidari ukiwa mkali na hauna nyama pembeni, ndege huyo ana njaa, hata chombo kiwe kimefurika.

Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kuku wa bandani yuko katika hali ya paka yule. Tumemzungushia wavu, tumemwondolea kichuguu na jalala, basi tumebeba dhamana ya kila tonge lake. Sheria za nchi nazo zinatambua wajibu huo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na katika misingi ya ustawi wa wanyama inayofuatwa duniani, wa kwanza ni mnyama kutokuwa na njaa wala kiu. Ndege aliye mbele ya chakula asichoweza kukimeza bado ana njaa.

Kisa hakikuishia hapo. Kijana aliona kifo kile kuwa bahati mbaya ya kifaranga mmoja, akaweka mayai mengine kwenye mashine. Jogoo alikuwa yule yule aliyekuwa naye tangu mwanzo, na baadhi ya matetea waliotaga mayai hayo walikuwa mabinti wa jogoo huyo. Safari hii midomo iliyopinda ilikuwa mingi zaidi, na baadhi ya vifaranga alikuwa ameshawauzia jirani zake. Jirani hao walirudi mmoja mmoja, kila mmoja na kasha lake mkononi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, naye aliujenga kwa pesa za kurudishia watu na kwa jina lake la ufugaji.

Mdomo uliopishana una asili zaidi ya moja, na mfugaji lazima azipitie zote. Ya kwanza ni urithi. Uchunguzi uliofanywa kwa kuku wa Beijing-You wa China na kwa kuku wa Appenzeller wa Uswisi umehusisha kasoro hii na ukoo. Wazazi wenye midomo iliyonyooka wanaweza kuibeba bila kuonyesha, kisha ikajitokeza kwa watoto, hasa pale baba anapopanda mabinti zake. Ya pili ni lishe ya kuku wazazi: upungufu wa vitamini na madini hudhoofisha kifaranga tangu akiwa ndani ya yai. Ya tatu ni joto lisilo sawa wakati wa kuatamia, kwani mashine nyingi zinatakiwa zikae karibu na nyuzi 37.5 bila kupanda na kushuka. Ya nne ni mkono wa binadamu. Kuku wengi wa mayai hupunguzwa midomo kwa kisu cha moto ili wasidonoane, na fundi mwenye haraka akikata vibaya, mdomo huota upya ukiwa umepotoka.

Kwa hiyo kifaranga mmoja mwenye kilema ni ujumbe. Andika ametoka kwa tetea gani na jogoo gani. Badilisha jogoo kabla mabinti zake hawajaanza kutaga. Kuku mwenye mdomo uliopinda asizalishwe, hata akiwa mzuri kiasi gani. Mayai yake yaende jikoni, yasiende kwenye mashine.

Baada ya hasara ile, bibi alichukua kifaranga mmoja wa kike kati ya waliorudishwa, akamlea kwa namna ambayo kila mfugaji anaweza kuifuata.

Alianza na chombo. Chombo chembamba cha kudonolea hakimfai ndege huyu, kwa sababu yeye hula kwa kuchota. Bibi alitumia bakuli zito lenye kina, akaliinua juu ya tofali hadi usawa wa kifua cha kifaranga, akalijaza chakula cha vifaranga kilicholowekwa maji kikawa kizito kama uji mzito. Chakula kikiwa na kina, mdomo wa chini hukichota na ulimi hukivuta ndani. Maji aliyaweka kwenye bakuli lenye kina vilevile, kwani ndege wa namna hii hupata shida kwenye niplo za kunyweshea. Alimlisha peke yake, asubuhi, mchana na jioni, ndipo akamrudisha kwa wenzake asije akasahau kuishi na kuku. Mabaki aliyatupa siku hiyo hiyo, maana chakula kilicholowekwa huchacha na kuota ukungu upesi katika joto la Pwani.

Kisha aliushughulikia mdomo. Mdomo wa kuku haukomi kukua, na kuku mzima huusaga mwenyewe kwa kudonoa na kuufuta ardhini. Uliopishana hausagiki, hivyo hurefuka na kuzidi kumzuia. Kila baada ya majuma machache bibi alimfunga kifaranga kwenye kanga, akamulika mdomo kwa tochi aone mshipa wa damu unaishia wapi, akapunguza ncha kavu kidogo kidogo kwa kikatio cha kucha na kuilainisha kwa msasa. Kukata kwa pupa hufika kwenye nyama na kuumiza sana. Hata ukate vizuri, mdomo hautanyooka, lakini ndege atapata nafasi ya kula.

Alikagua pia chini ya mbawa na kuzunguka mkia, kwa sababu ndege asiyeweza kujichambua manyoya huvamiwa na chawa na utitiri. Alimwekea pembeni mchanga mkavu uliochanganywa na majivu ajigaragaze. Na kila Ijumaa alimpima kwenye mzani wa jikoni. Uzito ukipanda, analishwa ipasavyo. Ukisimama au kushuka kwa kifaranga anayekua, kuna jambo la kurekebisha wiki hiyo hiyo. Kifaranga yule alikua akawa tetea, akataga.

Vilema vingine vinahitaji jicho lile lile. Kifaranga anayetandaza miguu kwa sababu ya sakafu inayoteleza, kama gazeti, hufungwa miguu kwa kitambaa laini chenye nafasi katikati, tena katika siku za mwanzo wakati mifupa bado ni milaini. Vidole vinavyojikunja kwa ndani huweza kuwa dalili ya upungufu wa vitamini B2. Kuku kipofu huishi vizuri vyombo visipohamishwa na akiwa na mwenzake mpole. Lakini shingo iliyopinda ghafla usiiite kilema. Huenda ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Mtenge ndege huyo mara moja, mwite bwana mifugo, na chanjo ya tone la jicho isicheleweshwe kwa waliobaki.

Hatusemi kila kifaranga mwenye kilema lazima afugwe. Wapo wasioweza kumeza hata kwa msaada, na wapo wafugaji ambao siku yao haina nafasi ya kulisha ndege mmoja peke yake. Kumchinja kwa haraka na kwa mkono mzuri ni uamuzi wa halali. Kumwacha "akue kidogo" huku hapati tonge ndiko kunakomtesa. Siku utakayoona mdomo umepishana, mwinue, mpapase kidari, na uamue siku hiyo: bakuli lenye kina na mzani kila wiki, au kisu. Ukikosa kuamua, njaa itaamua kwa niaba yako, nayo huchukua majuma kumaliza kazi yake.