Je, Ni Dhambi Kumdanganya Nondo?

Kijana mmoja wa darasa langu aliniuliza swali, nami sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema, "Mwalimu, umetufundisha ya kwamba uongo ni dhambi. Mbona mtego ule wa shambani humdanganya nondo?"

Mtego alioutaja ni wa nondo, yaani kipepeo wa usiku, azaaye viwavijeshi wale waliotoka Amerika, wakaonekana Afrika mwaka 2016, wakatula mahindi. Ndani yake huwekwa kipande cha mpira kilichotiwa harufu kama ya nondo jike. Dume huifuata, asimkute mwenzake, akanaswa. Hesabu ya walionaswa humwonya mkulima akague mahindi yake mapema.

Elimu hii haikupatikana kwa wepesi. Huko Ujerumani bwana Adolf Butenandt na wenzake waliitafuta harufu ya nondo wa hariri kwa muda wa miaka karibu 20. Walitwaa majike wapatao 500,000, wakakata ncha za matumbo yao itokako harufu, wakaichuja tena na tena. Shahidi wao alikuwa nondo dume: akipigapiga mabawa, walijua kuwa hawajapotea njia. Mwaka 1959 waliitangaza, wakaiita bombikoli. Baadaye wataalamu wengine walizitambua harufu za wadudu waharibifu wengi.

Basi, je, ni dhambi? Naona sivyo. Uongo ni kumnyima mwenzako kweli iliyo haki yake. Baina yetu na nondo hapana neno wala ahadi, kama vile hapana baina ya mvuvi na samaki aliyekula chambo. Tena harufu ile humwita mharibifu, na nyuki wengi hupita salama. Bali sumu ya kunyunyiza haichagui.

Lakini swali la kijana halikomi hapo. Mtu naye ana tamaa zake, na jirani yake huzijua. Yuko amwambiaye msichana habari za ndoa, hali moyoni hana ndoa. Yuko amwahidiye maskini faida, hali hana ila mtego. Hao hutoa harufu ya kitu wasicho nacho, na kila mmoja amemfanya nduguye kuwa nondo. Hiyo ndiyo dhambi.

Nilimjibu hivyo kesho yake. Nasi wasomaji, kabla ya kuahidi neno, na tujiulize: akija aliyeitwa, atakikuta tulichomwitia?