Nani Aanze Kutoa Salamu?



Liko swali moja ambalo wengi wetu twadhani tumelijibu, kumbe tumelikimbia. Marafiki wawili wakigombana, na kila mmoja akaamini kwa moyo safi ya kuwa yeye ndiye mwenye haki, je, yapasa kwanza ajulikane mkosa ndipo wapatane? Au yapasa wapatane hata kama jambo lao halitajulikana mpaka Siku ya Kiyama?

Sitaki kulijibu kwa maneno ya vitabuni peke yake, kwani mimi mwenyewe nalikuwa mmoja wa watu wawili namna hiyo.

Mimi na sahibu yangu tulikua pamoja Mombasa. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli katika uwanja wa Makadara, akilishika tandiko kwa nyuma na kunihimiza nisitazame chini. Jioni tulikuwa tukipita Ndia Kuu mpaka Ngomeni, mmoja akikanyaga na mwenziwe amekaa nyuma. Mwaka 2004 nalimkopesha shilingi 18,000. Yeye asema alinirudishia. Mimi nasema hakunirudishia. Hatukuandika. Sote tumeisoma aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyokuja khasa kutuamrisha deni liandikwe na liwekewe mashahidi. Lakini tuliona haya kuandikiana, tukidhani kuandika ni dalili ya kutoaminiana. Kumbe kalamu haikuwekwa kwa ajili ya wezi tu. Imewekwa pia kwa ajili ya watu wema wanaosahau.

Basi tukakaa miaka 19 hatusemezani. Yeye akahamia Kanyakine, katika nchi ya Meru, akafungua duka. Nami kila ulipoandama mwezi wa Ramadhani nalizunguka mtaani nikitaka radhi kwa kila niliyekutana naye, kama ilivyo ada yetu. Tazama ajabu hiyo! Twawataka radhi watu ambao hatuna ugomvi nao, na yule mmoja tuliyegombana naye twamruka. Nasi tumefundishwa tangu chuoni ya kuwa si halali mtu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na ya kuwa mbora wa wawili ni yule anayeanza kutoa salamu.

Januari mwaka 2023 nalikwenda Meru mjini kwa harusi ya jamaa. Siku ya pili yake jua lilikuwa likiwaka na mbingu haina wingu. Nikaazima baiskeli ya mwenyeji wangu, nikashika njia ya Nkubu. Magari yalikuwako, nayo yangenifikisha upesi. Lakini naliogopa kufika kabla sijajua la kusema. Nikapita penye kibao cha mstari wa Ikweta, nikapita Nkubu, na kila penye kilima nikishuka nikisukuma, migomba na mikahawa iko huku na huku. Pikipiki za bodaboda zikinipita kwa kishindo. Jina hilo lilianza Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, nalo lilikuwa la baiskeli. Leo kitu kimebadilika, jina limebaki. Nikawaza ya kuwa hata sisi wawili tulikuwa hivyo: jina la urafiki tu ndilo lililobaki.

Maneno niliyoyatayarisha njiani yalikuwa haya: "Nimekusamehe." Nikayaona mazuri.

Karibu na Kanyakine mwiba ukaingia katika gurudumu la nyuma, nikafika sokoni nikiikokota baiskeli. Sahibu yangu alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake. Nikatoa salamu; akaniitikia kwa ukamilifu wake. Kisha akalitazama gurudumu, akasema, "Hili halina upepo. Lete."

Akautoa mpira wa ndani, akautia katika beseni la maji hata mapovu yakaonyesha palipotoboka. Kabla ya kuziba, akapitisha vidole ndani ya tairi pole pole, akauchomoa mwiba. "Ukiziba mpira ukauacha mwiba," alisema, "kesho utaziba tena." Akasugua kwa msasa, akapaka gundi, na hapo ikawa hatuna budi kungoja ikauke kidogo ndipo kiraka kishike.

Katika kungoja huko nikayakumbuka maneno yangu, na mara nikayaona ubaya wake. Kumwambia mtu "nimekusamehe" juu ya jambo analolikana ni kumwambia "wewe umedhulumu, nami ni karimu". Ni hukumu iliyovishwa nguo ya msamaha. Nikasema, "Ndugu yangu, huenda ulinilipa nami nikasahau. Ikiwa ni hivyo, nimekudhulumu miaka 19. Naomba radhi yako."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Na huenda sikukulipa. Mimi pia ni mtu wa kusahau. Lakini wewe ulinitaja barazani, mbele ya wazee, ya kuwa mimi hula mali ya watu. Mama yangu yalimfikia kabla hajafa."

Hapo nalikosa la kujibu, kwani jambo hilo halikuwa na shaka. Fedha zilikuwa na shaka. Ulimi wangu haukuwa nayo. Miaka yote hiyo naliishughulikia haki yangu nisiyoweza kuithibitisha, nikaisahau dhulma yangu niliyoijua vyema.

Basi hili ndilo jibu nililolipata, nami nalitoa kwenu mlipime. Lililo na shaka baina yenu liacheni, kila mmoja amhalalishie mwenziwe, wala msilingojee hakimu. Lakini lililo yakini usilifunike kwa kumbatio. Ikiwa wajua unadaiwa, lipa; ikiwa ulimvunjia mtu heshima yake mbele ya watu, irudishe mbele ya watu wale wale. Atakayesema ya kuwa suluhu namna hii yawapa nguvu wadanganyifu, na aangalie tena: mdanganyifu ajua analodaiwa, na huyo hatukumwachilia chochote. Tuliyemwachilia ni yule asiyejua, naye ni sawa na sisi.

Sahibu yangu hakuniambia kuwa yamekwisha. Alikibana kiraka kwa kidole gumba, akajaza upepo, akaniambia nikae tule.

Naliporudi Mombasa nikaenda kwenye baraza ile ile. Katika wazee sita walionisikia mwaka ule, wanne wamekwisha kufa. Nikawaambia wawili waliobaki ya kuwa nalisema nisilokuwa na yakini nalo, na ya kuwa mtu yule namjua kwa uaminifu tangu utotoni. Mmoja alinijibu kuwa hakumbuki hata neno. Wa pili alikumbuka yote.

Wale wanne sina la kuwafanyia, wala mama yake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa nawe una mtu uliyemhama, usingoje ijulikane nani mkosa. Nenda leo, ukamtolee salamu, na wenye kusikia bado wako hai.

Wa billahi ttawfiq.