HABARI NI AMANA
Bismillahir-Rahmanir-Rahim.
Ndugu Waislamu wa Mpofi, tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi yalisafiri zaidi ya saa 6 kabla ya kufika Afrika. Kenya habari ilitangulia maji. Watu waliondolewa ufukweni, akafa mmoja. Somalia bahari ilipiga kwa nguvu zaidi na onyo halikuwafikia. Walikufa zaidi ya 200.
Suratul-Hujurat inatuamuru tuhakikishe habari. Basi ukisikia redioni habari ya hatari, usiongeze neno, wala usikae nayo peke yako. Hakikisha, kisha mwambie jirani, hata asiye Mwislamu.
Ya Allah, warehemu waliokufa, utulinde sisi na majirani zetu. Amin.