Makao Kwanza, au Tabia Njema Kwanza?

Wapo wasemao kwamba mlevi asiye na makao aache kwanza pombe, ndipo apewe chumba. Twawauliza: alalaye barazani, akiibiwa hata blanketi, atapata wapi nguvu ya kujirekebisha? Nchi ya Ufini iligeuza utaratibu huo tangu mwaka 2008. Mjini Helsinki hata bweni la Jeshi la Wokovu lilifanywa nyumba za kupanga. Mpangaji hutia sahihi mkataba, hulipa kodi kwa msaada wa serikali, hushika ufunguo wake mwenyewe. Kunywa peke yake hakumfukuzi. Kufikia 2022 waliokosa makao kwa muda mrefu walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu. Wengine wataendelea kunywa, twajua. Lakini, ndugu wasomaji, ni wangapi wanywao katika nyumba zao wenyewe, wala hakuna awatoaye nje?