Sanda tunaichangia kwa siku moja, kipimo je?

NIANZE kwa kukiri kosa, maana anayetaka kuwausia wenzake na aanze na nafsi yake.

Shangazi yangu anaishi Nshamba, wilayani Muleba. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akiishiwa pumzi, na akiinama kupalilia kibanjani anashikwa na kizunguzungu. Tukasema ni pumu. Wengine wakasema ni uzee, na hawakukosekana walionong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Hatimaye alipelekwa Mwanza, akapimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile iitwayo eko. Daktari akaona kitu kinaning'inia ndani ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Hakuweza kusema kwa uhakika kama ni bonge la damu au ni uvimbe. Akashauri aje Dar es Salaam kwa CT scan ya moyo, na ili kututuliza akaongeza kwamba uvimbe mwingi unaoanzia kwenye moyo si saratani.

Neno hilo ndilo lililotuponza. Tulipoketi kikao cha ukoo hapa Dar es Salaam, mzee mmoja akauliza: "Kama si saratani, haraka ya nini? Tusubiri kahawa iuzwe." Sote tukaafiki. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, na nililiandika azimio hilo kwa mkono wangu.

Ndugu msomaji, ni kweli uvimbe unaoanzia kwenye moyo ni nadra sana, na takriban robo tatu yake si saratani. Kwa watu wazima aina inayoonekana zaidi huitwa miksoma. Lakini moyo si mguu wala mgongo. Uvimbe ukikaa mlangoni mwa vali huzuia damu kupita, mtu akazimia au akafa ghafla. Na miksoma ni laini: kipande kikimeguka husafiri na damu hadi kwenye ubongo. Basi "si saratani" haina maana ya "haiui".

Kipimo kile kilikuwa na kazi gani? Mashine hupiga picha kwa kufuata mapigo ya moyo, huku mgonjwa amechomwa dawa ya kung'arisha damu. Kwa kawaida bonge la damu haliinywi dawa hiyo, ilhali uvimbe unaweza kuinywa. Uvimbe wa mafuta nao hujulikana kwa weusi wake. Daktari huona umeshikia wapi, na mishipa ya moyo ikoje. Jibu la mwisho hutoka maabara baada ya upasuaji, lakini njia ya kufuata hujulikana mapema, kwani bonge la damu kwa kawaida huanziwa dawa, na miksoma dawa yake ni kisu.

Wazee wetu walikuwa na udhuru. Hadi miaka ya 1950 uvimbe huu kwa kawaida uligunduliwa kwa maiti. Mwaka 1954 ndipo Clarence Crafoord, huko Stockholm, alipofanikiwa kuutoa kwa mtu aliye hai. Mashine ya CT ilimpima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, na mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1979, Allan Cormack, alianza kuifikiria hesabu yake akiwa Cape Town, Afrika hii hii. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapa Dar es Salaam. Sisi tuna udhuru gani?

Miezi mitatu kabla ya kikao kile, ami yetu alifariki hapa mjini. Kabla ya magharibi zilikwisha patikana fedha za sanda, za gari la kumpeleka Nshamba, na za basi la waombolezaji, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Hakuna aliyesema tusubiri kahawa. Kwa kipimo cha shangazi tulichanga wiki saba. Katika wiki ya sita akapooza upande wa kulia.

Alipimwa, akapasuliwa, uvimbe ukatolewa. Ilikuwa miksoma, si saratani, kama alivyodhani daktari. Alhamdulillahi yu hai. Lakini mkono uliokuwa ukimenya ndizi za nyumba nzima sasa hauwezi kushika kisu.

Sisemi kila mwenye kifua akimbilie CT scan. Mionzi ina madhara yake, na dawa ile huweza kuwadhuru wenye figo mbovu. Aamue daktari. Ninalouliza ni hili: daktari akishaamua, kwa nini mkono unaofunguka kwa maiti hujikunja kwa mgonjwa?

Nadhani ni kwa sababu msiba una macho ya watu, na asiyechanga atajulikana. Mgonjwa hana daftari la msibani. Kuzika ni faradhi ya kifaya, wala sisemi tuiache. Lakini maiti hapati hasara kwa mchango uliochelewa. Anayeipata ni aliye hai.

Ukoo wetu sasa una mfuko wa wagonjwa, unaotolewa fedha kabla ya kikao kuitishwa. Tumeuanzisha kwa gharama ya mkono wa shangazi. Wewe na wenzako msingoje bei hiyo.