Chungu na Soko

Msomaji mwema, nakuomba tufikiri pamoja juu ya swali linaloonekana dogo: chakula kizuri ni kipi? Wengi watajibu upesi kwamba ni kile chenye bei kubwa, maana wanadamu wamezoea kuamini kuwa kisichonunuliwa kwa fedha hakina thamani. Mimi nami niliamini hivyo wakati wa ujana wangu, na imani hiyo iliigharimu nyumba yetu. Kisa chenyewe si kirefu.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Mwezi wa Aprili nilirudi nyumbani kwa likizo, katika kijiji kilicho kati ya Migori na Homa Bay. Masika yalikuwa yamekolea. Nyuma ya jiko mnavu, ambao Wajaluo huuita osuga, ulikuwa umestawi; mgagani na kunde zilikuwa zimechipua majani mororo; na kuku wetu wawili walikuwa wakitaga. Siku ya pili ya likizo, kabla ya jua kuchomoza, mama alichuma mboga akazifunga mafungu, akakusanya mayai yote tisa, akaenda sokoni kwa miguu. Alirudi adhuhuri na mkate mweupe, sukari na kopo dogo la siagi. Vitu hivyo vilikuwa vya mgeni, na mgeni nilikuwa mimi.

Mdogo wangu, msichana wa miaka mitano, alisimama mlangoni akinitazama nikila. Mama alimpa kipande kimoja cha mkate, akamwambia, "Mwache kaka yako ale, ametoka mbali." Wiki ile nzima mtoto yule hakuonja yai, ijapokuwa kuku walikuwa wetu.

Sasa tuhukumu. Je, mama alikosa? Mtu akitenda ubaya kwa nia mbaya, hukumu yake ni rahisi. Lakini mama alitenda kwa upendo, naye alifuata desturi njema ya kumheshimu mgeni. Walakini, heshima yangu ilinunuliwa kwa afya ya mtoto. Nilipochunguza chanzo cha jambo hilo niliona kuwa lawama ilikuwa yangu. Likizo iliyotangulia mama aliniandalia bakuli la osuga iliyopikwa kwa maziwa, nami nikalisukuma kando nikasema, "Chuoni hatuli mboga hizi." Mama hakujibu neno. Ila maneno yale aliyaweka moyoni, na Aprili aliyajibu kwa kuuza mayai tisa.

Yaliyotokea nyumbani kwetu hutokea pia kwa ukubwa zaidi kando ya ziwa letu. Mbuta alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Baadaye viwanda vikajengwa, na minofu yake ikaanza kupelekwa Ulaya. Kilichobakia kwa watu wengi wa pwani za ziwa ni kichwa na mifupa, ambayo hukaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Omena nao, samaki wadogo wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa, huchukuliwa kwa wingi kwenda kusagwa kuwa chakula cha kuku. Si ajabu basi kwamba mtoto aweza kulala akisikia mawimbi ya ziwa, na asipate samaki katika sahani yake.

Lakini tujihadhari tusiseme kwamba kuuza ni dhambi. Soko ni jambo jema. Mzazi auzaye yai ili alipe ada ya shule au anunue dawa hakosi hata kidogo. Amebadili jema kwa jema. Mvuvi naye hawezi kuivisha familia yake kwa magamba ya samaki. Kosa liko katika mabadilishano ya namna nyingine: kutoa chakula chenye nguvu ili kupata chakula hafifu, kwa sababu tu hiki cha pili kina sifa mbele za watu. Yai lajenga mwili wa mtoto. Mkate mweupe na sukari humshibisha kwa saa chache tu. Abadiliye cha kwanza kwa cha pili amepata hasara, hata kama mfukoni hakupungukiwa na senti. Ndiyo maana wazee walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Twaweza basi kuweka kanuni moja: chungu kwanza, kisha soko. Watoto wa nyumba washibe kwa kilicho bora cha shamba, na kinachozidi kiuzwe.

Huenda ukasema, "Kanuni hiyo ni njema, lakini mboga za nyumbani zachosha." Jibu langu ni kwamba anayeyajua majira hachoki, kwa maana nchi yenyewe hubadilisha chakula. Masika, toka Machi hadi Mei, ni wakati wa majani: osuga, mgagani, kunde, mchicha, mlenda na majani ya maboga. Mgagani na osuga zina uchungu, nao hupunguzwa kwa kuchemsha, kisha kuzitia maziwa na kuzipasha tena siku ya pili na ya tatu, mpaka ladha iwe laini. Mlenda na kunde hupatana vizuri katika chungu kimoja. Mboga isiyo chungu usiichemshe mno wala usimwage maji yake, maana utamwaga na faida yake. Itie mafuta kidogo, kwa kuwa mafuta huusaidia mwili kuipokea vitamini A iliyo ndani ya majani.

Maharagwe na mahindi yakikomaa katikati ya mwaka, hupikwa pamoja. Chakula hicho Wajaluo hukiita nyoyo. Shamba linapokauka, viazi vitamu bado vimo ardhini, na vile vya Kabondo vyajulikana hata mbali. Vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina vitamini A nyingi kuliko vyeupe. Ugali nao si lazima uwe wa mahindi peke yake. Wimbi, mtama na muhogo hufaa pia; wimbi na mtama vilikuwapo kabla ya mahindi kuenea, na kwa Wakuria wa Migori wimbi lina heshima yake tangu zamani. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kwa miezi kadhaa kuanzia Aprili ili samaki wapate kuzaana, kwa hiyo mwenye busara huwaanika na kuwaweka akiba mapema. Omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo huimarisha mifupa ya mlaji. Kamulia ndimu juu ya mboga, nawe utaongeza ladha, na mwili utapokea madini ya chuma kwa urahisi zaidi.

Waona basi kwamba sahani ya ugali wa wimbi, osuga ya maziwa na omena wachache, pamoja na kipande cha papai, haina upungufu wa kuonewa haya. Wataalamu wetu wenyewe wamelithibitisha jambo hili. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, Mkenya wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mboga hizi za kienyeji na kuonyesha wingi wa faida zake. Siku hizi mboga zile zile ambazo vijana walizionea aibu zauzwa katika maduka makubwa na mikahawa ya Nairobi. Osuga haikubadilika. Kilichobadilika ni macho ya watazamaji. Nami nauliza: tuliikataa ilipokuwa bure nyuma ya jiko, je, yatupasa kuisubiri ivikwe bei ndipo tuipende?

Mdogo wangu yule sasa ni msichana wa sekondari kama wewe. Juzi nilimwuliza kama aukumbuka mkate ule. Alicheka, akasema mkate amekwisha kuusahau, lakini analikumbuka kopo la siagi, kwa sababu lilipokwisha alipewa yeye, akachezea kwa muda mrefu. Nilicheka pamoja naye, lakini moyoni nilisikia haya.

Kwa hiyo nakuachia neno moja, nawe ulichukue uendako. Shule itakapofungwa utarudi nyumbani, na mama yako, au bibi yako, au yeyote akuleaye, atakuwekea bakuli mbele yako. Kabla hujatia tonge la kwanza kinywani, jua kwamba anautazama uso wako. Ukikunja uso, hatakugombeza. Kesho ataamka mapema, akusanye mayai, aende sokoni. Ukila kwa furaha na kumshukuru, mayai yale yatabaki nyumbani, na mtoto mdogo asimamaye mlangoni ataitwa aje kula.